Samaki Bila ya Wali Pia ni Chakula

Wiki mbili zilizopita nilipita kwa shangazi yangu, Kibokoni, saa nane za mchana. Nyumbani nilikuwa nimekwisha kula kipande kizima cha nguru wa kuchoma, sahani ya mchicha wa nazi, mayai mawili na kachumbari. Akaniuliza, kama anavyomuuliza kila aingiaye mlangoni mwake, "Umekula?" Nikamjibu kwamba nimekula, alhamdulillahi, tena nimeshiba. "Umekula nini?" Nikamtajia. Akaniangalia kwa huruma, kisha akamgeukia bintiye: "Mpakulie wali huyu, hajala. Amekula kitoweo kitupu."

Ndugu msomaji, usimcheke shangazi. Alichosema ni Kiswahili fasaha. Chakula kwetu ni wali, au sima, au mkate, au muhogo. Kilichobaki, hata kikiwa ng'ombe mzima, ni kitoweo, yaani cha kusindikizia tu. Twaulizana, "Leo mwala na nini?" na jawabu huwa samaki, au maharagwe, au nyama. Wali hautajwi, kwani huo haukuulizwa. Mtu aliyekula wali mkavu kwa chumvi amekula, ingawa atasikitikiwa. Aliyekula samaki mzima bila ya wali hakula. Tulipokuwa wadogo, mtoto aliyemaliza samaki wake kabla ya wali alipigwa kikofi cha mkono: "Towelea! Usile kitoweo kitupu!" Na kutowelea ni kula tonge kubwa kwa kitoweo kidogo. Hiyo ilikuwa adabu, na pia ilikuwa hesabu ya nyumba, maana samaki ni wa kununuliwa na watoto walikuwa wanane.

Nayasema haya kwa kuwa mimi ni mgonjwa wa sukari, ile aina ya pili ambayo humpata mtu ukubwani na ndiyo waliyo nayo zaidi ya tisa katika kila wagonjwa kumi wa sukari duniani. Mimi ni mtu wa mashairi na magazeti, si tabibu. Walakini nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya balaa hili hapa Pwani imejificha ndani ya neno hilo moja, chakula, na kwamba tusipolifumbua neno tutaendelea kuzikana kwa heshima.

Nilipimwa mwaka 2018. Nilikuwa naamka usiku mara nne kwenda msalani, koo limekauka, na asubuhi herufi za gazeti zacheza machoni hata nikadhani miwani imezeeka. Sukari ya alfajiri kabla ya kula ilikuwa 13.4, na mtu huhesabiwa mgonjwa tangu 7. Uzani wangu ulikuwa kilo 96, na mimi si mrefu. Nikapewa vidonge, nikapewa na karatasi iliyofifia chapa, na muuguzi akanionya, "Mzee, sukari basi."

Nikaiacha sukari. Wallahi niliiacha. Chai ya rangi nikainywa chungu hivyo hivyo, nikajiona mwanamume. Na chai hiyo nikaisindikiza kwa mahamri manne na bakuli la mbaazi. Mchana ulikuwa wali wa nazi. Magharibi viazi vya karai, kwani kiazi kina sukari gani? Usiku chapati. Ile karatasi haikunikataza; iliniambia kwamba kila mlo uwe na chakula cha wanga cha kutosha, na mimi katika kutosheka sikupunguza. Mwaka ukapita, sukari haikushuka, kidonge cha pili kikaongezwa. Nikaambiwa kwa upole kwamba ndivyo maradhi haya yalivyo, huenda mbele tu: leo vidonge, kesho sindano.

Nilikuwa nimeshaona yanakokwenda. Ami yangu, nduguye baba mdogo, alikuwa nahodha wa jahazi, mtu wa kifua. Alianza kwa ganzi ya nyayo. Akakanyaga msumari asiusikie. Akakatwa kidole gumba cha mguu, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti. Kila nilipokwenda kumtazama hospitali nilikuta kando ya kitanda sinia dogo la wali, limeletwa kutoka nyumbani kwa mapenzi, limefunikwa kwa kawa. Hakuna aliyemletea sukari. Sote tulijua kwamba sukari ni sumu kwake.

Aliyenifungua macho ni daktari kijana, mzaliwa wa Majengo, ambaye badala ya kuniuliza kama nameza dawa aliniuliza nakula nini, akaandika kila nilichomwambia katika daftari la shule. Kisha akanifanyia hesabu. Damu yote ya mtu mzima mwenye afya, ambayo ni lita tano hivi, ina sukari ya gramu tano tu, kijiko kimoja kidogo cha chai au zaidi kidogo. Basi wali wa gramu 150, kiasi ambacho hapa kwetu ni sahani ya mtoto, ukishasagwa tumboni huipandisha sukari ya damu sawa na vijiko kumi vya sukari. Hesabu hii ya vijiko ameieneza David Unwin, daktari wa mji wa Southport kule Uingereza, ambaye huwagawia wagonjwa wake picha za vyakula na idadi ya vijiko kando yake. Nikamwuliza kijana, na viazi vya kuchemsha, kiasi hicho hicho? Tisa. Na samaki? Hana. Yai? Halina. Mchicha? Ni kidogo mno hata hauhesabiki.

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekataa vijiko viwili katika kikombe na kupokea arubaini katika sahani.

Wanga, wasemavyo wajuzi, ni sukari iliyoungwa mnyororo. Tumboni mnyororo hukatika na sukari ikaingia katika damu. Hapo kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuiingiza sukari mwilini ili itumike au iwekwe akiba. Ikizidi akiba, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, ini huigeuza kuwa mafuta na kujaa nayo. Ini lililojaa mafuta huwa halisikii amri: laendelea kumwaga sukari katika damu hata usiku mtu amelala hakula kitu, na ndiyo sababu mgonjwa huamka na sukari ya juu akashangaa. Baadhi ya mafuta hayo hufika kwenye kongosho lenyewe, likapungua nguvu. Hivi ndivyo alivyoeleza Roy Taylor, profesa wa chuo kikuu cha Newcastle, na hakuishia katika maneno. Mwaka 2011 alitangaza habari za wagonjwa 11 aliowapa chakula kidogo mno, kalori 600 hivi kwa siku, kwa wiki nane. Katika siku saba tu sukari yao ya asubuhi ilirudi kuwa ya mtu mzima wa afya. Wiki nane zilipokwisha, mafuta ya ini na ya kongosho yalikuwa yamepungua, na kongosho limeamka.

Watu 11 ni wachache, na mwenye shaka ana haki yake. Basi yeye pamoja na Mike Lean wa Glasgow wakachukua wagonjwa kama 300 katika Uskochi na kaskazini ya Uingereza, wote wakiwa na maradhi haya kwa muda usiozidi miaka sita. Nusu walitibiwa kama kawaida. Nusu waliachishwa dawa za sukari na kupewa supu na vinywaji vya unga vya kalori 825 hadi 853 kwa siku, miezi mitatu mpaka mitano, halafu wakarudishwa pole pole kwenye chakula cha kawaida. Matokeo yalichapishwa Desemba 2017. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 wa kundi la pili walikuwa hawana tena sukari ya ugonjwa wala hawamezi dawa. Katika kundi la kawaida walikuwa 4. Na waliopunguza kilo 15 au zaidi, 86 katika kila 100 walifaulu. Mwaka wa pili 46 wale walishuka wakawa 36, kwani waliorudisha kilo walirudisha na maradhi.

Madaktari hawasemi kwamba watu hao wamepona. Wasema maradhi yametulia, na mwaka 2021 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana maana yake: kile kipimo kionyeshacho wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu kiwe chini ya 6.5, na mtu awe ameacha dawa kwa miezi mitatu au zaidi. Neno hilo la kutulia nalipenda. Bahari pia hutulia, na baharia hauzi jahazi lake kwa sababu hiyo.

Hapa yanipasa niseme jambo ambalo wapenzi wa kupunguza wanga hulipitia haraka. Wale wagonjwa wa Uskochi hawakuachishwa wanga. Walipunguziwa chakula chote, na kilichowafaa ni uzito uliotoka. Na jarida la madaktari la BMJ mwaka huo huo wa 2021 lilichapisha uchunguzi uliokusanya majaribio 23 ya kupunguza wanga: kwa miezi sita waliopunguza wanga waliwashinda wenzao waziwazi, ilipofika miezi kumi na miwili tofauti ilikuwa imepungua sana. Kwa hivyo anayekwambia kwamba wali ndio Shetani na nyama ndiye malaika, mwambie apunguze. Lakini na anayekwambia kwamba kupunguza wanga ni upuuzi wa vijana wa mitandaoni, mwambie kwamba chama cha kisukari cha Marekani chenyewe kiliandika mwaka 2019 kuwa kati ya njia za chakula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Kwa maoni yangu swali si njia ipi iliyo bora vitabuni. Ni njia ipi mtu wa Pwani aweza kuishika mwaka baada ya mwaka. Supu ya unga sisi hatutaiweza, wala hatuna fedha zake. Samaki twamjua.

Wala jambo hili si jipya hata lidhaniwe ni mtindo. Ibn Sina aliyaandika maradhi haya katika Qanun yake tangu karne ya 11. Mwaka 1797 John Rollo, tabibu wa jeshi la Kiingereza, aliandika habari za Kapteni Meredith, mgonjwa wa sukari mnene aliyemlisha nyama na mafuta akamnyima nafaka, na hali yake ikawa njema. Ufaransa mwaka 1870, Paris ilipozingirwa na Wajerumani na chakula kikaadimika, tabibu Bouchardat aliona wagonjwa wake wa sukari wanapata nafuu kwa njaa ya mji. Ilipogunduliwa insulini mjini Toronto mwaka 1921 watoto waliokuwa wakifa waliishi, na hiyo ni neema isiyo na mfano. Lakini neema hiyo ilituletea na uvivu wake: mkate ukarudi sahanini, na sindano ikapewa kazi ya kuufukuzia.

Nilianza siku ya Jumatatu, maana kila ahadi ya tumbo huanza Jumatatu. Asubuhi mayai na mboga, au samaki wa jana. Mchana samaki wa kupaka, au kuku, na mchicha au mabamia au biringani, na kachumbari ya kutosha. Wali niliuacha kabisa miezi mitatu ya kwanza, kisha nikaurudisha kwa vijiko vitatu vya mezani. Niliweka maharagwe kidogo na kunde. Yana wanga, lakini yana na nyuzinyuzi na huingia damuni kwa pole. Tende niliziaga kwa machozi. Sehemu kubwa ya tende ni sukari tupu, na mimi nilikuwa nazila kwa idadi ya witri, yaani moja, tatu, tano, saba, na hata kumi na tisa ni witri. Kwa miezi tisa nilitoka kilo 96 hadi 79. Kile kipimo cha miezi mitatu kilishuka kutoka 9.1 hadi 6.2. Daktari alikuwa ameshanipunguzia kidonge kimoja wiki ile ile ya kwanza, na cha pili akakiondoa mwezi wa saba.

Kisha ikaja Ramadhani, nikaanguka. Yule mwalimu wetu wa chuoni, Mungu amrehemu, alitufundisha kwamba tumbo lina mafungu matatu: la chakula, la maji, na la pumzi. Lakini kaangalie meza ya futari yetu. Kaimati, matobosha, viazi vya nazi, muhogo wa nazi, tambi za sukari, mkate wa sinia, maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari mpaka kijiko kikasimama. Hapo pumzi ipite wapi? Twafunga mchana tukalipiza kisasi usiku, na mwezi wa kupumzisha matumbo ukawa mwezi wa kununua unga. Nilirudisha kilo nne na sukari ikapanda. Sikuona haya kurudi kwa daktari, bali niliona haya kupita mbele ya kaburi la mwalimu.

Lakini nyumbani ni kazi nyepesi. Kazi nzito iko shereheni, na hapa naomba nikae kidogo kwa kuwa ndipo lilipo shauri langu. Harusini twala sinia moja watu wanne au watano. Pilau au biriani imejazwa kilima, na nyama juu yake katikati. Kila mtu ana upande wake. Nyama hula kidogo kidogo akiwaachia wenziwe, na kubwa lao huikata kwa vidole akawasukumia wengine. Ni desturi nzuri, sina neno nayo. Basi mweke hapo mtu ambaye hafai kula wali. Akila upande wake, ajidhuru. Akikaa bila ya kula, atamkera mwenyeji na kuwavunja wenziwe, maana anayenyanyuka mapema huwanyanyua wote. Na akila kile tu kimfaacho, yaani nyama ya katikati, ataonekana mlafi aliyekuja kuwapora wenzake haki yao. Adabu yetu imemfungia njia zote tatu. Nimewaona watu wazima, wenye vidonda vya miguu, wakila pilau kwa haya. Wala usidhani waliokuwa wakiwasukumia nyama na wali ni maadui. "Kula bwana, siku moja haitakuua." Na wiki moja katika mwezi wa Mfungo Mosi ina siku moja nne.

Lipo na jambo la unene. Mtu akinenepa twamwambia amenawiri, mke wake hupata sifa. Akikonda twauliza ana nini. Nilipopungua zile kilo kumi na saba, mwenzangu mmoja wa barazani alikuja nyumbani kunipa pole kabla sijafa. Mwingine, aliyekuwa kijana miaka ya 1990 wakati ukonde ulipokuwa na maana moja tu, aliacha kuninywea kahawa kikombe kimoja. Mke wangu aliulizwa sokoni, tena na jamaa, kama siku hizi hanipikii. Hilo lilimchoma kuliko yote. Wali wake wa nazi unajulikana mtaa mzima. Mimi kuuacha kulikuwa kama kumwambia mbele za watu kwamba mkono wake umekwisha. Ilimchukua muda kukubali kwamba ule mchuzi wa kupaka unatoka katika mkono ule ule, na ilinichukua mimi muda zaidi kumsifu kwa sauti ya kusikika, jambo nililopaswa kulifanya tangu zamani.

Nimeandikiwa na msomaji mmoja, nilipogusia habari hizi siku za nyuma, kwamba haya ni mazungumzo ya wenye nguru. Mpagazi wa bandarini, asema, hushiba kwa sima kwa kuwa sima ndiyo aiwezayo, na kumwambia ale samaki ni kumdhihaki. Ana haki. Unga wa mahindi ni rahisi na samaki amepanda bei hata kwa sisi tunaoisikia bahari tukiwa kitandani. Lakini simwambii mtu ale nguru. Dagaa ni samaki. Yai ni rahisi kuliko soda, na chupa moja ya soda ya mililita 300 ina vijiko vinane hivi vya sukari. Mchicha, mnavu na majani ya kunde huuzwa kwa fungu. Ninachosema ni kwamba tuigeuze sahani: wali uwe mdogo kama kitoweo, na kitoweo kiwe kingi kama wali. Hata asiyeweza kuongeza kitoweo, akipunguza sima nusu na akaongeza mboga, amefanya jambo. Mpagazi mwenye kubeba magunia mchana kutwa huichoma sima yake. Ninayemhofia ni yule anayeketi dukani toka asubuhi hadi ishaa na kula kama mpagazi. Mimi nilikuwa huyo, isipokuwa badala ya duka nina meza.

Wapo wasemao kwamba yote yameandikwa, na kwamba sukari ni ya kurithi. Kurithi kupo, jamaa wa mgonjwa wana hatari zaidi. Lakini tunarithi na masinia, na hayo hakuna aliyeyaandika ila sisi. Na wapo wauzao chupa za mitishamba za kuitoa sukari kwa siku ishirini na moja. Hao sitawapotezea wino. Uwatu na mlonge wanywe wapendao. Dawa ya daktari wasiitupe.

Na hapa nataka nisikike vyema. Mtu anayedunga insulini, au anayemeza vidonge vya kulisukuma kongosho kama glibenklamidi, asiache wali leo jioni kwa kuwa amesoma gazeti. Dawa ile imepimwa kwa wali wake. Wali ukiondoka dawa ikabaki, sukari huanguka, akatetemeka, akatoka jasho, akaweza kuzimia na kufa. Amwone daktari kwanza, apunguziwe dawa, na awe na kipimo nyumbani. Mwenye maradhi ya aina ya kwanza, ambaye mara nyingi huanza utotoni, haishi bila ya insulini kwa chakula chochote kile. Mja mzito, na mwenye figo zilizoharibika, wana mashauri yao mbali. Na mtu ambaye amekaa na sukari miaka kumi na tano asivunjike moyo lakini asiahidiwe sana: kongosho lililochoka zamani haliamki kwa urahisi kama la jana. Ndiyo maana ya kupima mapema. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 88 katika kila 100 katika Kenya hawajapimwa sukari hata mara moja.

Shauri langu kwa wenye harusi ni dogo, nalo nimeliona likitendeka. Mwaka jana, Likoni, jamaa mmoja aliyekuwa akimwoza mwanawe alitenga sinia moja pembeni. Hakulitia pilau. Alitia kuku wa kuchoma, samaki wa kupaka, mabamia, kachumbari na ndimu, na mpishi akatangaza bila ya kunong'ona kwamba hilo ni la wenye sukari. Tuliosogea tulikuwa watatu, sote twajulikana mtaani kwa vijichupa vyetu vya dawa. Tukanawa, tukaanza. Akaja wa nne akisema yeye amependa kachumbari tu. Wa tano hakusema kitu. Ilipofika nusu ya samaki tulikuwa tisa, tumebanana magoti, na baba wa bwana harusi mwenyewe alikuwa amejipenyeza kati yangu na imamu. Alikula tonge mbili, akaniinamia sikioni akaniuliza yule daktari wangu kijana huketi siku gani.